Usitaje bei kwa simu: uzi wa tunaoosha nyumba za watu wanaohama, Nairobi

MopuNaNdoo (mwanzisha uzi)

Wadau, habari zenu. Mwezi unaisha na simu yangu imeanza kulia kama kawaida: "Nahama Jumamosi, vyumba viwili, utanifanyia ngapi?" Mimi nina jibu moja tu: nitakuja niione kwanza.

Jibu hilo nililinunua. Miaka sita iliyopita nilikuwa nimetoka tu kwenye kazi ya mama fua pale Umoja, jamaa akanipigia kutoka Kasarani. Vyumba viwili, "si chafu sana." Nikatamka 4,500 hapo hapo kwenye simu, Jumamosi nikaenda na wasichana wawili. Sebule ilikuwa safi kweli. Jikoni ndiko nilikoishiwa na nguvu za miguu. Ukuta wa nyuma ya meko ulikuwa na mafuta yaliyoganda mpaka yakawa rangi ya chai ya maziwa. Ukipitisha ukucha, unaacha mfereji. Kwenye balkoni walikuwa wakichemshia maharagwe kwa jiko la makaa, dari yote masizi. Nafungua bomba, kimya. Siku ya maji ya mtaa ule ilikuwa Alhamisi. Nawasha taa, tokeni zimeisha, na mwenyewe keshafika Syokimau, simu haishiki.

Hesabu ya siku ile ninayo mpaka leo kwenye daftari. Wasichana wawili, siku moja na nusu, 3,000. Mitungi 20 ya maji ya mkokoteni, 30 kila mmoja, 600. Sabuni na dawa 850. Nauli na boda 600. Jumla 5,050. Nililipwa 4,500. Yaani niliongeza 550 kutoka mfukoni mwangu ili niruhusiwe kusugua mafuta ya mtu nisiyemjua, na bado sijahesabu mgongo wangu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu wiki hii wasichana watatu wamenifuata wakiuliza bei ya "one bedroom" ni ngapi. Bei ya vyumba haipo. Kuna bei ya hali ya nyumba. Bedsita (chumba kimoja cha kulala na kupikia humo humo) iliyopikiwa miaka minne bila kufunguliwa dirisha itakula saa nyingi kuliko vyumba vitatu vya bachela anayekula hotelini. Karibuni tujadili.

Mpangaji_Halisi

Mama, kwa heshima, nyinyi mmezidi. Mwezi jana niliitishwa 8,000 kwa vyumba viwili. Nikamwita mama fua wetu wa kila wiki, nikampa 1,000 na chakula, akamaliza saa kumi jioni. Dipositi, ile amana niliyoweka nikiingia, nilirudishiwa. Hiyo 7,000 nyingine ni ya nini?

MopuNaNdoo

Ndugu yangu, kama nyumba ilikuwa ya kuoshwa na mtu mmoja ikaisha saa kumi, basi ulifanya vizuri, hata mimi ningekwambia umwite huyo. Mimi nimeanzia huko, siwezi kuwadharau. Ila hebu tupige hesabu pamoja.

Ninapoingia kwenye nyumba sihesabu vyumba, nahesabu saa za mtu. Jikoni kwenye mafuta, saa nne. Pasipo mafuta, mbili. Bafu na choo, saa mbili kwa kila seti. Chumba cha kulala chenye kabati la ukutani, saa moja na robo. Sebule, moja na nusu. Dirisha moja pamoja na reli zake, dakika 20. Kwa hiyo vyumba viwili vyenye bafu mbili na madirisha sita: 4 + 4 + 2½ + 1½ + 2, ni saa 14. Watu wawili, saa saba saba, siku moja.

Saa moja ya mtu mimi naitoza 350. Kati ya hizo 150 ni ya msichana anayesugua, kwa sababu namlipa 1,200 kwa siku ya saa nane. Zilizobaki ndizo zinazonunua brashi zikichakaa, ndizo zinazolipa siku za katikati ya mwezi ambazo hakuna anayehama, na mimi pia nina watoto. 14 mara 350 ni 4,900. Dawa 900, nauli 600. Inakuwa 6,400. Juu yake naweka asilimia 15 ya yale nisiyoyaona, tunafika karibu 7,400. Nasema 7,500, ukinibembeleza vizuri ni 7,000. Sasa hiyo 8,000 uliyoitishwa haikuwa wizi. Labda huyo alikuwa ameangalia nyuma ya friji yako.

Mpangaji_Halisi

Nyuma ya friji tusiongee 😅

DadaWaPipeline

Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa waliokuuliza. Nina kazi Jumamosi hii, chumba kimoja na sebule, Imara Daima. Swali langu la kwanza ni la vibarua. Huku kwetu wengi wanakubali 500 kwa siku. Kwa nini wewe unatoa 1,200?

MopuNaNdoo

Marahaba mwanangu. Mwaka 2022 serikali ilipanga kima cha chini cha mfagiaji au mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi kuwa 15,201 kwa mwezi, na 2024 kikaongezwa asilimia 6, kikapita kidogo 16,100. Gawa kwa siku 26, unapata kama 620 kwa siku. Na hiyo ni ya mtu mwenye kazi ya kudumu, anayejua kesho anarudi. Huyu wako wa mwisho wa mwezi anafanya siku tano kisha anakaa nyumbani wiki tatu. Ukimlipa 500 atakuja, ndiyo, lakini ataondoka kwako saa tano asubuhi akipigiwa simu na anayetoa 600. Mimi wangu wawili ni wale wale kwa miaka minne.

KeatekaWaPloti

Naomba niongee kwa niaba ya makeateka, yaani sisi tunaosimamia ploti za kupangisha, maana huwa tunalaumiwa sana kwenye mambo ya dipositi. Mimi nakagua fleti 48 huku Roysambu. Nitawaambia ninakoangalia, na si sakafu. Sakafu kila mtu anaosha.

Naangalia nyuma ya bakuli la choo, pale chini bomba linapoingia ukutani. Naangalia reli za madirisha ya kusukuma. Nafungua makabati ya jikoni naangalia bawaba, kwa sababu mende huacha vile vidoti vyeusi pale. Nainua kichujio cha sinki. Swichi, hasa ya jikoni, ile yenye alama ya kidole cha mafuta. Juu ya mlango. Kisha nahesabu balbu. Jamani, watu wanahama na balbu! Mmoja alihama na kichwa cha shawa ya umeme, akaacha nyaya zinaning'inia.

Jambo la pili ni siku. Msije tarehe 30 jioni. Mpangaji mpya anaingia tarehe moja asubuhi, lori lake liko getini, na nyinyi bado mna ndoo kwenye ngazi. Nyumba ikiachwa tupu tarehe 27 au 28, hata mimi nina muda wa kukagua mwenyewe akiwepo, na kama kuna kasoro inarekebishwa siku hiyo hiyo.

MopuNaNdoo

Asante mzee wangu. Hilo la bawaba nililijua kwa machungu.

Na umenikumbusha swali ambalo sharti liulizwe kabla ya bei: anayelipa ni nani? Mpangaji anataka dipositi yake, kwa hiyo anataka zile sehemu anazoangalia keateka. Mwenye nyumba anataka picha za kutafutia mpangaji mpya, yeye macho yake yako kwenye vioo, bomba zinazong'aa na harufu. Ajenti anataka risiti na anataka iishe leo. Kazi ni tatu tofauti, hata kama nyumba ni moja.

Na kwa mpangaji huwa nasema waziwazi: siahidi dipositi. Mimi naosha. Tundu la kutundikia televisheni, kioo kilichopasuka, bili ya maji ya miezi miwili, hayo hayatoki kwa sabuni. Omba mpangaji akuonyeshe mkataba wake. Mikataba mingi ya hapa mjini ina mstari unaosema mpangaji atapaka rangi akitoka, au atakatwa. Kama rangi inapakwa, mpangilio wa kazi unabadilika kabisa.

FundiRangi_Embakasi

Hapo mama umegonga penyewe. Naombeni mtuelewe sisi mafundi. Ukuta wa jikoni uoshwe mafuta KABLA sijaja, kwa sababu rangi juu ya mafuta inabanduka kama ganda la kitunguu, halafu mimi ndiye ninayeitwa mwizi. Lakini sakafu na vioo vioshwe BAADA yangu. Nimeona watu wameng'arisha vigae asubuhi, mchana mimi nimeingia na rola, jioni wanaangaliana.

Na masizi ya dari, mama, yale ya balkoni ya Kasarani, ulifanyaje?

MopuNaNdoo

Niliyasugua. Yakaenea. Doa lililokuwa kama sinia likawa kama meza. Ile rangi ya maji ya bei nafuu haivumilii kitambaa chenye maji, inatoka yenyewe pamoja na doa. Siku hizi nikiona masizi kwenye dari naandika kwenye ujumbe: "Dari ya balkoni ni kazi ya rangi, haimo kwenye bei yangu."

DadaWaPipeline

Mama, tuambie kuhusu dawa. Mimi nina Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha), sabuni ya unga, na ile asidi ya choo ya kwenye chupa isiyo na lebo. Zinatosha?

MopuNaNdoo

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, Jik na asidi haziingii bafuni siku moja. Jik ikikutana na asidi, iwe ile ya chupa isiyo na lebo au dawa ya choo ya dukani yenye asidi, inatoa hewa ya klorini. Bafu za fleti zetu mnazijua: dirisha ni la ukubwa wa daftari, na mara nyingi limepigwa misumari. Msichana wangu mmoja alimwaga asidi chooni, hakusubiri, akamwaga Jik juu "ili iwe nyeupe zaidi." Alitoka anakohoa, macho mekundu, tukamkalisha kwenye ngazi saa nzima mlango wote ukiwa wazi. Tangu siku hiyo Jik inabaki nyumbani kwangu kama tuna choo cha kutoa kutu. Chagua moja. Suuza kwa maji mengi. Mlango wazi.

Pili, asidi haigusi terazo wala marumaru. Hili nalo nililipia. Nyumba ya zamani ya South B, sakafu ya terazo, doa la kutu pale friji ilipokuwa. Nikatia asidi kidogo tu, ikatoa povu, nikafurahi nikidhani uchafu unatoka. Kumbe lililokuwa likichemka ni sakafu yenyewe. Terazo ni saruji na vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, na asidi inakula vyote viwili. Ilipokauka lilibaki duara jeupe lisilo na mng'ao, kubwa kama sahani. Mwenye nyumba alimleta fundi wa mashine ya kusugua, nikakatwa 8,000 kwenye kazi ya 9,000. Sinki la chuma pia usilimwagie asidi wala usiache Jik ilale humo usiku. Asubuhi utakuta vidoti.

Kwa mafuta ya jikoni mimi situmii dawa ya bei. Natumia magadi. Ndiyo, yale yale ya kulainishia githeri, yanayotoka Ziwa Magadi hapo Kajiado. Magadi yanayageuza mafuta kuwa kama sabuni. Vijiko vinne vikubwa kwenye ndoo ndogo ya maji moto, unalowesha matambara ya zamani, unayabandika kwenye vigae vya nyuma ya meko kama unavyombandika mtoto mwenye homa, unaondoka dakika 15 kuosha kabati. Ukirudi, mafuta yameteremka yenyewe, yanafuata kitambaa. Vaa glavu, yanakausha mikono mpaka inapasuka. Na usiyapeleke karibu na sufuria au fremu za dirisha za alumini, zitakuwa nyeusi.

Weupe kwenye bomba na shawa, hasa mitaa ya maji ya kisima, ni siki. Funga kitambaa chenye siki kwenye bomba kama bandeji, acha saa moja. Gundi ya stika za watoto, mafuta ya kupikia kidogo kisha sabuni. Matone ya rangi kwenye kioo, wembe, lakini kioo kiwe kimelowa.

Sabuni ya kununua sana ni ile ya maji ya kawaida. Vingine ni brashi: mojawapo ni mswaki wa zamani kwa ajili ya reli za dirisha na mistari ya vigae. Huo mswaki ndio unaoniletea wateja.

Mpangaji_Halisi

Mimi nimebadilisha upande. Endelea mama.

JamaaWaLori

Swali la haraka: kunguni?

MopuNaNdoo

Kunguni ni watu wa kupiga dawa, si sisi. Nikiwaona wakati wa kukagua, kazi inasimama mpaka wapigwe, maana nitawabeba kwenye matambara niwapeleke kwangu na kwa mteja wa kesho.

DadaWaPipeline

Mama, nimeenda leo kuiona ile ya Imara Daima. Jiko la mafuta ya wastani, bafu moja, madirisha manne, kabati la ukutani. Maji yapo leo. Mteja ni dada mmoja mpole, anataka niseme bei sasa hivi. Nimemwambia nitamtumia jioni. Nisemeje?

MopuNaNdoo

Umefanya vizuri kutosema pale mlangoni. Piga hivi: jiko 3, bafu 2, chumba moja na nusu (robo zaidi ya kipimo changu), sebule moja na nusu, madirisha saa moja na dakika 20. Zote ni saa tisa na dakika 20, kama 3,300. Dawa 600, nauli yako kutoka Pipeline mkiwa wawili 300. Jumla 4,200. Weka asilimia 15, inakaribia 4,850. Taja 5,000, usishuke chini ya 4,500.

Kisha mwandikie WhatsApp, si kwa simu, ujumbe unaosema: vitu vyote viwe vimetoka kabla ya saa mbili asubuhi, tokeni ziwepo hata za 100, maji yakikosekana, mitungi ni juu yake, godoro na takataka kubwa hazimo, nusu kwa M-Pesa kabla ya kuanza, nusu keateka akishakagua. Na siku ya kazi piga picha za kila chumba kabla ya kugusa chochote. Mlango wa kabati uliovunjika zamani una tabia ya kuwa umevunjwa na waoshaji.

Anzeni juu kuteremka, na kutoka chumba cha ndani kuja nje. Jikoni mbandike matambara ya magadi kwanza kabla ya jambo lolote. Sakafu mwisho, mkirudi nyuma kuelekea mlangoni.

KeatekaWaPloti

Na nyinyi waoshaji, msimwage maji ya magadi kwenye ua wa mwenye ploti. Mimi nina maua pale.

DadaWaPipeline (Jumamosi, saa tatu usiku)

Nimerudi kuwapa habari. Tulikubaliana 4,800, akatuma 2,400 asubuhi. Tumefika saa mbili, maji hakuna! Ujumbe nilikuwa nao, nikamwonyesha, akacheka, akalipa mitungi 12 bila neno, 360. Magadi, mama, sijawahi kuona kitu kama kile, tulikuwa tunaitana kuja kutazama.

Lakini kabati la juu kabisa jikoni sikulifungua siku ya kukagua, kwa sababu silifikii. Leo tumepanda kwenye ndoo, tukakuta mafuta ya kupikia yalimwagika humo zamani, yakashikana na unga wa ngano, yamekauka kama simiti. Saa mbili na nusu kwa kabati moja. Keateka alipokuja alipitisha kidole juu ya mlango, akakitazama, akapitisha tena. Halafu akachukua funguo.

2,400 za mwisho zimeingia sasa hivi. Kabati sikulipwa.

MopuNaNdoo

Pole mwanangu, na hongera. Kesho nunua stuli ya kukunja. Yangu nilinunua baada ya kabati la Donholm.